Nyuzi za raketi ya tenisi zisizohamahama kwa bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa wachezaji wa tenisi wanaonunua nyuzi kwa fedha zao wenyewe, na waliochoka kusimama kila baada ya pointi mbili kuzinyoosha kwa vidole. Maneno matatu yatarudi mara nyingi. Mtande ni nyuzi za wima, zinazotoka kooni mwa raketi kwenda kichwani. Mshindio ni nyuzi za mlalo, zinazopita juu na chini ya mtande kama kwenye kitambaa. Kuwamba ni kutia nyuzi kwenye fremu na kuzikaza, kama mtu anavyowamba kitanda cha kamba. Wengine husema kufunga nyuzi, na ni kitu kimoja.

Kwa nini nyuzi zangu huhama?

Kwa sababu hazikufungwa popote isipokuwa kwenye fremu. Pale mtande unapokutana na mshindio hapana fundo wala gundi, kuna msuguano tu. Ukipiga mpira kwa kuupandisha ili uzunguke, raketi iko ubavu, mtande umelala sambamba na ardhi, na mpira unausukuma mtande kwenda chini. Ndiyo maana zinazohama karibu kila mara ni za mtande, na mshindio umetulia pale pale.

Uzi mpya unaposukumwa huteleza juu ya mwenzake milimita kadhaa, kisha mkazo wake wenyewe ukaurudisha. Balaa huanza pale uso wa uzi unapochubuka. Nyuzi za nailoni hupakwa ganda jembamba la utelezi. Likishalika, kilichobaki hukwaruza. Halafu mshindio hukata kijifereji kwenye mtande, na kila mpira ukiongeza kidogo. Uzi ukiruka kutoka kwenye kijifereji hicho haurudi tena, hubaki pale uliposukumwa mpaka uurudishe kwa mkono.

Kwa hiyo unachokitafuta si uzi usiosogea kabisa. Ni uzi unaosogea ukarudi wenyewe. Tofauti hii inafaa kushikwa kabla ya kutoa fedha mfukoni, maana zipo nyuzi ngumu kama waya ambazo kweli hazisogei, na kiwiko cha mchezaji ndicho kinacholipa.

Basi ninunue uzi gani? Nataka jibu fupi.

Mtu mzima, mwenye mkono mzima, anayepiga mpira kwa nguvu na kuuzungusha: poliesta (uzi mmoja mgumu) ya duara, ya kawaida, milimita 1.25, raketi nzima, mkazo wa kilo 21 mpaka 23.

Mtu mzima anayecheza kwa starehe mara moja au mbili kwa wiki: poliesta kwenye mtande na sinthetiki gati (nailoni ya bei rahisi) kwenye mshindio.

Mtoto, anayeanza, au yeyote mwenye maumivu ya kiwiko: sinthetiki gati ya milimita 1.30 au 1.35 raketi nzima, pamoja na vishikizo katikati, yaani vipande vidogo vya plastiki vya kuzuia nyuzi zisisuguane. Huyu nyuzi zake zitahama. Tutampa njia ya kupunguza, lakini kuziondolea kabisa tabia hiyo hatuwezi.

Kuna aina ngapi za nyuzi, na kila moja hukaaje mahali pake?

Sinthetiki gati ni nailoni yenye kiini kimoja kinene, kilichozungushiwa nyuzi nyembamba, juu yake ganda. Ndiyo rahisi kuliko zote zenye jina, na haina ubaya. Prince Synthetic Gut Duraflex na Gosen OG-Sheep Micro zimekuwa sokoni miaka mingi na bado watu wanazinunua. Siku za mwanzo hukaa vizuri. Ganda likilika, huanza kutangatanga.

Multifilamenti ni mamia ya nyuzi nyembamba sana zilizogandishwa pamoja. Ni laini, inapendeza mkononi, na bei yake iko juu ya sinthetiki gati. Kwa swali la ukurasa huu ndiyo mbovu kuliko zote: huota manyoya, manyoya hushikana, na mtande ukihama umehama. Mwenye kiwiko kibovu atainunua kwa sababu nyingine, na afanye hivyo, lakini asitegemee kwamba itakaa.

Poliesta ni uzi mmoja mgumu, mlaini usoni, usiovutika sana. Unateleza juu ya poliesta mwenzake, na ukisukumwa hurudi haraka. Kurudi huko ndiko kunakouzungusha mpira zaidi, na ndiko kulikoifanya iwe maarufu tangu Gustavo Kuerten wa Brazil aliposhinda mashindano ya Roland Garros ya Ufaransa mwaka 1997 akitumia nyuzi za Luxilon. Watu husikia poliesta wakadhani ni ghali kwa kuwa wanafikiria Luxilon ALU Power. Zipo poliesta za bei ya kawaida kabisa, kama Tourna Big Hitter Silver, na kwa suala la kukaa mahali pake uzi wa bei ya chini haupitwi sana na wa bei ya juu. Unapopitwa ni kwenye ulaini na muda wa kushikilia mkazo.

Kevla ndiyo isiyosogea hasa. Hukamatana na mshindio kama gundi, na huchelewa sana kukatika. Ni ngumu mno. Ikitumiwa, huwekwa kwenye mtande tu, na mshindio uwe wa nailoni laini. Hatumshauri mtu yeyote aanze nayo.

Utumbo wa ng'ombe, yaani gati asilia, ni ghali na hauupendi unyevu. Kwa hali ya hewa yetu tuuache ulipo.

Zipo poliesta zenye pembe tano au sita, na nyingine zilizokwaruzwa makusudi. Hizo si bora zaidi kwa kukaa?

Zinakamata mpira vizuri, lakini pembe zile zile huukata uzi mwenzake. Mshindio ukiwa nailoni, pembe zitaumaliza mapema sana. Anayebana matumizi achukue ya duara.

Nikichanganya aina mbili, ipi iende kwenye mtande?

Poliesta mtande, sinthetiki gati mshindio. Mtande ndio unaosukumwa na ndio unaokatika mara nyingi, kwa hiyo uzi mgumu uende huko. Mshindio wa nailoni hupunguza ukali wa poliesta mkononi. Mwambie fundi aukaze mshindio kilo moja zaidi, kwa mfano mtande 22 na mshindio 23.

Ukigeuza, nailoni mtande na poliesta mshindio, raketi itakuwa laini zaidi na mwanzoni mtande utarudi vizuri kwa kuwa poliesta inateleza. Lakini mtande wa nailoni utakatwa vijifereji, na ukikatika kazi inaanza upya. Anayepiga mipira ya bapa, bila kuizungusha sana, atadumu nao. Anayezungusha hatadumu.

Mchanganyiko una kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi: mshindio wa nailoni ukishakatwa na poliesta, mtande hunasa humo na hauhami tena. Mchezaji hufurahi kwamba nyuzi zimetulia, kumbe zimekwama na raketi imekufa. Sukuma uzi mmoja wa mtande kwa kidole gumba kisha uachie. Ukirudi na mlio mdogo, bado mzima. Ukikataa kusogea, na chini yake unaona shimo kwenye mshindio, muda wake umekwisha.

Namba za unene zina maana gani?

Paketi huandikwa milimita, au namba ya geji, au vyote viwili. Geji ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Geji 15L ni karibu milimita 1.35, geji 16 ni karibu 1.30, geji 17 ni karibu 1.25, geji 18 ni karibu 1.15. Viwanda havilingani sawasawa, kwa hiyo soma milimita.

Kwa nailoni, chukua nene. Uzi wa 1.35 una nyama zaidi ya kuliwa kabla ya kijifereji kuwa kirefu, na hauyumbi upesi. Kwa poliesta, 1.25 inatosha. Kuongeza unene kunaongeza ugumu tu, na ugumu poliesta inao tayari.

Mkazo mkubwa unasaidia nyuzi zisihame?

Kwa nailoni, ndiyo. Ukitoka kilo 23 kwenda 25 utaona tofauti. Lakini mpira utapoteza nguvu na mkono utapokea mshindo zaidi, kwa hiyo panda kilo moja moja. Kila fremu ina kiwango chake kilichochapwa ndani ya koo au ubavuni, mara nyingi kama pauni 50 mpaka 60, sawa na kilo 22.7 mpaka 27.2. Usipite cha juu.

Kwa poliesta, sivyo. Poliesta inarudi kwa sababu ya utelezi na ugumu wake, hata ikiwa imelegezwa. Ishushe kwa asilimia 10 hivi kuliko nailoni uliyozoea. Aliyezoea nailoni kwa kilo 25 aanze poliesta kwa 22 au 23. Poliesta yenyewe hupoteza sehemu kubwa ya mkazo ndani ya saa 24 za mwanzo hata raketi ikiwa imetundikwa, basi usimlaumu fundi siku ya pili.

Angalia pia fundi anahesabu kwa kilo au kwa pauni. Mtu akisema "hamsini na mbili" anasema pauni, ambazo ni kilo 23.6.

Raketi yangu ni 16 kwa 19. Ya rafiki yangu ni 18 kwa 20, na zake hazihami. Ni nyuzi au ni raketi?

Ni raketi. Namba ya kwanza ni idadi ya nyuzi za mtande, ya pili ni za mshindio. Kwenye 18 kwa 20 kuna makutano 360, kwenye 16 kwa 19 ni 304, na nafasi baina ya nyuzi ni ndogo, kwa hiyo kila uzi una walinzi wengi zaidi. Hiyo haina maana ukanunue raketi nyingine. Ina maana kwamba uzi unaomfaa yeye huenda usikufae wewe, hata mkicheza sawa.

Kaskazi, masika, chumvi ya bahari: vinaathiri nyuzi?

Sana, na hapa ndipo ushauri ulioandikiwa nchi za baridi unapotupotosha.

Nailoni hunyonya unyevu. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, raketi ya nailoni iliyotundikwa ukutani Wete au Mkoani hulegea bila kupigiwa mpira hata mmoja. Mipira nayo hunyonya maji ikawa mizito, ikausukuma mtande zaidi. Poliesta hainyonyi maji ya kutajika, na hiyo ni sababu nyingine ya sisi kuipendelea mtande.

Poliesta adui yake ni joto. Gari lililoegeshwa juani bandarini Malindi wakati wa kaskazi hugeuka tanuri, na saa chache humo ndani huiondolea raketi mkazo ambao ungeisha kwa wiki kadhaa. Raketi isiachwe kwenye buti wala kwenye dashibodi. Mikoba ya raketi yenye kitambaa cha fedha ndani inasaidia kidogo, lakini haifanyi miujiza.

Mchanga ndio usiozungumzwa. Viwanja vingi vya pwani ya mashariki viko hatua chache tu kutoka ufukweni, na upepo wa kusi hupeleka mchanga uwanjani. Punje hushikana na mpira, mpira huziacha kwenye makutano ya nyuzi, na hapo hufanya kazi ya msasa. Baada ya mchezo futa nyuzi pande zote mbili kwa kitambaa kikavu, kisha gonga fremu kidogo kwa kiganja punje zitoke. Dakika moja inatosha. Kama uliangusha raketi kwenye maji ya chumvi, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, ukaushe kivulini.

Mshipi wa kuvulia haufai? Ni nailoni pia, na upo kila duka la wavuvi.

Swali la haki, na linaulizwa zaidi Pemba. Mshipi mnene wa nailoni utapita kwenye matundu ukiwa na milimita 1.3, na hautaivunja fremu. Lakini umetengenezwa uvutike samaki akishtuka. Kwenye raketi kuvutika huko hakukomi: unaukaza leo, kesho umelegea, na mpira unaruka nje ya uwanja. Hauna ganda la utelezi, kwa hiyo nailoni husugua nailoni tangu siku ya kwanza, na mtande huhama mapema kuliko sinthetiki gati yoyote. Kumbuka pia kwamba ufundi utalipia uleule.

Uzi wa mashine ya kukatia majani una kasoro nyingine. Unaouzwa sana ni wa milimita 2 na kuendelea, na hauingii kwenye matundu. Wanaoyapanua matundu kwa msumari wa moto huharibu vibomba vya plastiki vinavyoulinda uzi usikatwe na fremu, na baada ya hapo hata uzi mzuri hukatika ukingoni.

Paketi moja moja au roli?

Paketi ina takriban mita 12, raketi moja. Roli ya kawaida ina mita 200. Ukikata mita 12 kila mara unapata raketi 16 na kipande cha mita 8 kinabaki. Fundi anayepima vizuri hutumia mita 11 na nusu kwenye raketi ya kichwa cha inchi za mraba 100, na hapo unapata 17.

Chukua namba za mfano tu: paketi ikiwa shilingi 25,000 na roli ya uzi huo huo shilingi 240,000, kila raketi kwenye roli imesimama shilingi 15,000. Wachezaji wanne wakichangia roli, kila mmoja ana raketi nne za kuwambwa. Watu wa mchanganyiko hufaidi zaidi. Mtande unakula kama mita 6 na nusu, kwa hiyo roli moja ya poliesta ni raketi 30, na roli moja ya sinthetiki gati kwa mshindio, mita 6 kila moja, ni raketi 33.

Roli ihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa ndani ya ndoo au debe lenye kifuniko, mbali na jua. Nailoni iliyoachwa wazi kwenye rafu msimu mzima wa masika haitakuwa kama ilivyotoka kiwandani.

Nitajuaje kama uzi wa dukani ni bandia?

ALU Power ndiyo inayoigwa sana, kwa hiyo ukiiona kwa bei ya sinthetiki gati usiiguse. Uzi usio na jina wala milimita kwenye paketi, ukiwa umefungwa kwa mpira wa nyaraka tu, ununue kama unavyonunua samaki wa jioni: kwa macho yako mwenyewe. Pima mwanzo na mwisho wake kama unene ni mmoja. Ukunje taratibu: poliesta hukataa na kuacha kona, nailoni hukunjika na kurudi. Sinthetiki gati ya jina linalojulikana ni salama kuliko poliesta ya maajabu isiyo na jina.

Vishikizo vya plastiki vinafanyaje kazi?

Ni vipande vidogo vya plastiki vinavyowekwa kwenye makutano, baina ya mtande na mshindio, ili nyuzi zisisuguane. Babolat hutengeneza vinavyoitwa Elastocross, na vipo vya viwanda vingine. Hukaa kwa kubanwa na nyuzi zenyewe, na huzuia mtande kusogea.

Weka 12 mpaka 20 tu, katikati, pale mipira yako inapotua. Unapajua kwa sababu rangi ya nyuzi imefifia hapo. Inua mshindio kwa kifaa kinachokuja navyo, au kwa bisibisi butu ndogo iliyofungwa tepu, kisha telezesha kishikizo mpaka vijifereji vyake viwili vikae juu ya nyuzi mbili. Vitiwe siku raketi inapowambwa, kabla nailoni haijakatwa. Ukivitia juu ya uzi uliokwisha liwa utazuia usikatike kwa wiki mbili tatu, basi.

Hasara yake: raketi hukaza kidogo mkononi, na mpira hauzunguki kama awali kwa sababu mtande haurudi kwa kasi. Kwa mtoto wa skuli anayejifunza, hilo si neno. Kwa poliesta usiviweke.

Mafuta ya nazi kwenye nyuzi? Nta ya mshumaa?

Msuguano unapungua kweli, na kwa dakika chache nyuzi hurudi kama mpya. Kisha mafuta huvuta mchanga na manyoya ya mpira, vikawa uji unaosaga uzi. Uwanja wa ndani ungestahimili. Sisi wa pwani tuache.

Kile kipira kidogo kinachotiwa chini ya nyuzi kinazizuia zisihame?

Hapana. Kinabadilisha mlio na mtikisiko tu.

Nimwambie nini fundi?

Mafundi wenye mashine visiwani ni wachache, na wachezaji wengi hupeleka raketi Dar es Salaam kwa feri. Kwa kuwa hutakuwepo ukaeleza kwa mdomo, andika karatasi na uifunge kwenye mpini. Mfano:

"Fundi wangu, naomba mtande poliesta 1.25 kilo 22, mshindio sinthetiki gati 1.30 kilo 23. Vipande viwili, mafundo manne. Nyoosha kila mshindio baada ya kuukaza. Vuta mshindio taratibu, usiunguze mtande."

Mambo mawili ya mwisho ndiyo yanayotenganisha kazi nzuri na kazi ya haraka. Mshindio ukivutwa kwa kasi juu ya mtande wa nailoni, joto la msuguano huchoma ganda, na raketi hukufikia ikiwa na vijifereji ambavyo wewe hukuvitia. Fundi mzuri huupeperusha uzi juu na chini anapouvuta, usikae kwenye pointi moja. Na mshindio uliokazwa ukiwa umepinda hubaki na ulegevu uliojificha, unaotoka ukianza kucheza.

Ikirudi, ikague kabla hujaitumia. Fuata kila mshindio kwa jicho kutoka ukingo hadi ukingo: juu, chini, juu, chini. Ukikuta nyuzi mbili za mshindio jirani zimepita juu ya mtande mmoja kwa pamoja, fundi aliruka. Hapo katikati patahama, na dawa yake ni kurudia tu.

Uzi mmoja umekatika. Naweza kuunganisha huo huo tu?

Huwezi kwa maana ya kucheza. Uzi ukikatika, zilizobaki huvuta fremu bila usawa. Zikate zote siku hiyo hiyo, usingoje feri ya Ijumaa. Anzia katikati, kata mtande na mshindio pamoja kwa mshazari ukitoka nje kidogo kidogo, upande huu kisha upande ule. Ukikata mtande wote kwanza, mshindio utaibana fremu ikapinda, na kwa fremu ya zamani itavunjika.

Nibadilishe lini hata kama hazijakatika?

Kwa nailoni kuna kanuni rahisi ya kukadiria: idadi ya siku unazocheza kwa wiki ndiyo idadi ya kuwamba kwa mwaka. Anayecheza mara tatu kwa wiki awambe mara tatu. Kwa unyevu wa hapa, ongeza moja baada ya masika.

Poliesta haifuati hiyo. Inakufa kabla ya kukatika, mara nyingi baada ya saa 10 hadi 20 za kucheza kwa nguvu. Dalili yake ni hii hii tunayoizungumzia: poliesta iliyokuwa ikirudi yenyewe inaanza kubaki pembeni. Ukijikuta unanyoosha poliesta kwa vidole, usiongeze mkazo wala vishikizo, itoe. Anayeona saa 20 ni chache kwa mfuko wake arudi kwenye mchanganyiko au sinthetiki gati nene, maana poliesta iliyokufa ni gogo, na gogo ndilo linaloumiza viwiko.

Mtoto wangu ana miaka 11 na anataka poliesta kama wakubwa.

Asitiwe. Mkono wake hauna kasi ya kuufanya uzi huo usogee na kurudi, kwa hiyo hatapata faida yake, atapata mshindo tu. Raketi ya inchi 25 au 26 itiwe sinthetiki gati 1.30, kilo 20 hadi 22 kama fremu inaruhusu. Kunyoosha nyuzi kwa vidole baina ya pointi ni tabia nzuri kwake: anyooshe kutoka katikati kwenda nje, si kuvuta kwa kucha.

Katika mashindano, vishikizo na mchanganyiko vinaruhusiwa?

Vinaruhusiwa. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinataka uso wa raketi uwe bapa, nyuzi zipishane, na mpangilio uwe sawa bila katikati kuwa wazi kuliko pembeni. Vitu vya kuzuia uchakavu na mtikisiko vinakubaliwa, ilimradi viwe kwa kazi hiyo tu.

Kilichokatazwa kilitokana na mwaka 1977, zilipozuka raketi za "tambi": mtande wa tabaka mbili, mshindio katikati bila kupishana nao, na vijibomba vya plastiki, ili mtande uteleze bila kizuizi. Mwaka huo, Aix-en-Provence nchini Ufaransa, Ilie Nastase wa Romania aliitumia dhidi ya Guillermo Vilas wa Argentina, aliyekuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Vilas aliondoka uwanjani baada ya seti mbili, na shirikisho likazipiga marufuku mwaka huo huo. Tatizo la raketi ile halikuwa kwamba nyuzi zilihama. Zilihama sana na zikarudi sana, jambo ambalo poliesta yako inalifanya leo kihalali kwa kiasi kidogo.